Sikio la Dakika

Nilikuwa kwenye sikio la pili, tone la kumi na saba, walipobisha hodi. Sikuinua kichwa. Tepe ya karatasi ikishaingia kwenye ufa wa sindano huwezi kuiacha katikati. Ukilegeza kidole inafumuka, na ukiianza upya inakumbuka mikunjo yake ya kwanza. Nikaizungusha hadi mwisho, nikaiachia itanuke kidogo, nikaiminya upande mmoja ikawa umbo la tone, nikagusa mkia wake kwa gundi. Ndipo nikasema, "Karibuni."

"Kaeni, ila msipige chafya," mshonaji aliwaambia kutoka upande wake wa pazia. "Mwezi uliopita mteja alipiga chafya hapo, tukamwokota paka mzima wa karatasi sakafuni."

"Manyoya tu," nikasema. "Tena ya mkia."

Chumba tumekigawana mimi na yeye. Upande wake una cherehani na mikasi mikubwa, wangu una meza, taa ya shingo ndefu, na makopo ya biskuti niliyojaza tepe za karatasi kwa rangi. Kahawia peke yake nina makopo saba. Ananiita Mama Karatasi, na sasa hata wateja hawajui jina langu jingine.

Aliyetangulia kuingia ni yule muuguzi aliyeniagiza picha ya mbwa, bado yuko kwenye sare ya kazini. Nyuma yake, ameshika kiwiko chake, alikuwa baba yake. Nilishasimuliwa habari zake: alikuwa fundi saa hadi macho yalipomwisha. Mwanga anauona, sura hazioni. Mbwa wake alikufa miezi miwili iliyopita, na binti alitaka picha ambayo baba ataiona kwa vidole. Kwa hiyo hakwenda kwa mchoraji, alikuja kwangu. Picha ya rangi ni bapa. Yangu ina vilima na mabonde, unaweza kuifuata kwa kidole kama njia ya shambani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi." Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kiganjani. "Mikavu. Vizuri. Fundi mwenye jasho mikononi mimi simpi saa yangu."

Nikamvutia kiti. Nikamuuliza kwa nini mbwa aliitwa Dakika.

"Nilipomwokota, marehemu mke wangu aligoma. Nikamwambia, mama, atakaa dakika moja tu. Akakaa miaka kumi na mitatu."

Mshonaji alicheka hadi cherehani ikasimama. Hata binti alitabasamu, ingawa bila shaka kisa hicho alishakisikia mara mia.

Nikamwekea ubao mapajani. Kazi ilikuwa karibu kwisha: uso mzima umetazama mbele, pua ya misokoto iliyobana sana, mashavu ya matone marefu, na nyusi za tepe nilizochana kingo nyuzi nyuzi zikae kama manyoya. Kitu kimoja tu kilimtofautisha Dakika na mbwa wengine wa kahawia: sikio moja lilikuwa na pengo. Aliwahi kunasa kwenye waya wa uzio. Pengo hilo lilinichukua siku mbili, maana tundu ni gumu kulitengeneza kuliko nyama.

Vidole vya mzee vilitembea bila haraka. "Pua hii ndiyo." Vikapanda. "Hapa palikuwa na kimfupa. Umekiweka. Nani kakwambia?"

"Kivuli kwenye picha, mzee."

Akafika masikioni. Akagusa la huku, akagusa la huku. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Akageuza kiti kikatazama mlango. Akausimamisha ubao ubavuni mwa paja lake la kushoto, uso wa mbwa nao ukatazama mlango kama yeye. Akaushika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akauinua, kisha akauacha ushuke wenyewe juu ya kichwa cha mbwa. Kidole cha shahada kikapita ukingoni mwa sikio lililokuwa karibu naye. Mara moja. Mara mbili.

"Huyu siye."

"Baba, ni Dakika. Picha nimepiga mwenyewe."

"Picha umepiga wewe. Sikio nimelishika mimi."

"Pengo lipo, baba. Hili hapa." Akakichukua kidole cha baba akakipeleka kwenye sikio lile jingine.

"Hilo ni sikio la ukutani," mzee akasema. "Pengo liko kwenye sikio la kwangu."

"Sikio la ukutani?"

"La ukutani, ndiyo. Hili la kwangu, lile la ukutani."

"Kuta nazo zina masikio, tumeambiwa," mshonaji alitania. Hakuna aliyecheka. Nikamwona binti anatazama dari, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike. Akampokonya baba ule ubao taratibu, akanirudishia, akamshika mkono akamtoa nje hadi kwenye benchi la kibarazani. Aliporudi alisimama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini.

"Dada, malizia hivyo hivyo. Weka kioo, funga."

"Lakini mzee amesema siye."

"Wiki iliyopita aliniita jina la shangazi yangu kutwa nzima. Juzi kaunguza sufuria mpaka mpini ukayeyuka. Na leo umemwona mwenyewe, kampakata mbwa wa karatasi anaongea mambo ya ukuta." Alikuwa anakunja leso, anaikunjua, anaikunja. "Jumamosi tunakaa ndugu watatu. Kaka anataka nyumba ifungwe, baba ahamie kwake, safari ya kutwa nzima kutoka hapa. Mimi ndiye niliyekuwa nakataa. Niliwaambia, ngojeni picha. Akimtambua mbwa wake, bado yupo, tumwache kwake, nitahamia mimi nimwangalie. Asipomtambua…" Akaikunja leso kwa mara ya mwisho akaitia mfukoni.

Nilitaka kumwambia kwamba kazi yangu haikutengenezwa iwe mtihani wa mtu. Lakini hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka. Viatu vyake vya kazini vilikuwa vimelika upande mmoja, kama vya watu wanaosimama sana. Nikauliza tu, "Na mzee mwenyewe Jumamosi atakuwepo?"

"Aje atusikie tukimjadili? Hapana."

"Asiyekuwapo na lake halipo!" sauti ikatoka kibarazani. Masikio yake hayakuwa na tatizo.

Walipoondoka nilirudi kwenye tone la kumi na nane. Nikalisokota likaharibika. Nikalisokota jingine, nalo likatoka na kiuno kama siafu. Mkono ukikataa, mimi huwa siugombezi. Nikaiweka sindano chini.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilikuwa mkata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji, na kila jioni zile tepe nyembamba zinazobaki chini ya kisu zilikuwa zinafagiliwa. Nilianza kwa kuzionea huruma. Mbwa wangu wa kwanza alifanana na kiazi kitamu. Kwa kukosea nikajipa taratibu, na taratibu ya kwanza ni hii: nikiletewa picha, naichapisha kubwa, halafu nachukua mkasi nakata kila kisichokuwa mnyama. Mikono ya watu, viti, mapazia, kuta. Vitu hivyo hunipotezea jicho. Kinachobaki nakiweka chini ya plastiki angavu, na juu yake napanga misokoto kwa pini.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," mshonaji alisema, pini mdomoni. "Mimi namhurumia yule binti. Lakini na mzee naye, wewe hukuona alichokuwa anafanya?"

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anapima. Mimi nikimpima mtu koti nasimama nyuma yake, mkono wangu wa kulia uwe wa kulia kwake, nisichanganye. Yeye alimsimamisha mbwa pale anapokaaga, akapima. Mwehu hapimi."

Nikamtazama. Akatoa pini mdomoni.

"Ile picha nani kapiga? Binti kajipiga yeye na mbwa?"

"Naona hivyo. Kulikuwa na bega lake, nikalikata."

"Basi kazi unayo. Unamkumbuka yule mwalimu aliyeniletea picha kwenye simu, nimshonee gauni kama lile lake lililoungua? Nikaweka ua bega la kulia, kama nilivyoliona. Alikuja juu hapa, nusu anivue kilemba! Lake lilikuwa bega la kushoto. Kumbe simu ukijipiga mwenyewe inakugeuza, kama kioo."

Nilifungua simu. Nikaitafuta picha yenyewe, kabla ya mkasi wangu. Bega la binti lilikuwepo, na shavu lake nusu, wote wawili wanacheka, yeye na mbwa. Nyuma yao ulikuwepo ukuta. Na ukutani, kwa kuwa ni nyumba ya fundi saa, kulikuwa na saa kubwa ya duara.

Nikaikuza. Tatu ilikuwa imekaa mahali pa tisa, tisa mahali pa tatu, na tarakimu zote zimegeuka mgongo.

Sikuhitaji zaidi, lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikachukua kiti, nikakaa nikitazama mlango. Nikauweka ubao kushoto kwangu kama alivyouweka mzee. Huku niko mimi, kule uko ukuta, mbwa katikati, sote tunawatazama wateja wakiingia. Mkono wa kulia una kazi ya saa. Wa kushoto hauna kazi, unashuka. Unatua juu ya sikio la kulia la mbwa, lililo karibu nami. La kushoto liko ukutani, halifikiki. Miaka kumi na mitatu kidole kimoja kimekuwa kikiingia kwenye pengo moja. Nami pengo nimeliweka kwenye sikio la kushoto.

Ningeweza kubadilisha masikio kimya kimya, nikafunga fremu, nikampelekea mzee afurahi. Hakuna ambaye angeniuliza. Lakini Jumamosi ingebaki pale pale, na binti angekwenda akiamini moyoni kwamba baba yake hamjui tena mbwa wake. Nikapiga simu.

"Dada," nikasema, "fungua ile picha uliyonitumia. Tazama saa ya ukutani."

Nikasikia maji yanachuruzika mahali, halafu yakafungwa.

"Imegeuka," akasema.

"Imegeuka. Na sikio limegeuka. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekata ukuta nisiuone. Pengo lilikuwa sikio la kulia. Mzee alipokuwa akikaa kazini, kushoto kwake kulikuwa na ukuta, sivyo?"

"Ile meza yake ya saa ipo mpaka leo," akasema. "Iko kwenye kona. Mbwa alikuwa anajibana pale katikati." Kisha, kwa sauti ndogo, "Sikio la ukutani."

"Ndiyo."

"Na mimi nikampokonya mkononi."

Sikutaka kumwambia kwamba baba yake ni mzima, maana sufuria iliungua kweli, na jina la shangazi alilitaja kweli. Mimi najua habari za sikio moja tu. Lakini hilo moja mzee alikuwa nalo sawasawa, sisi wenye macho ndio tulikosea.

Nikasikia anamwita baba yake, maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikiliza. Baada ya muda mzee akaichukua simu.

"Fundi."

"Mzee wangu. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi niliwahi kufunga mshale wa dakika mahali pa mshale wa saa, mteja akafika kazini asubuhi anadhani ni jioni, akarudi kulala. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho unafungua saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nakuja saa tatu na kidole changu. Usilifanye pengo peke yako, utalifanya dogo. Lile lilikuwa linaingia ncha ya kidole hadi kwenye kucha. Na kioo usiweke. Nani anampapasa mbwa kupitia dirishani?"

"Vumbi litaingia, mzee."

"Dakika alikuwa na vumbi maisha yake yote."

Binti aliichukua simu tena. Alisema ameomba zamu ya asubuhi ibadilishwe, atamleta mwenyewe. Halafu akasema kikao cha Jumamosi kitafanyika nyumbani kwa baba, na baba atakaa nao, kwenye kiti chake. "Sijui tutaamua nini," akasema. "Kaka naye ana sababu zake. Ila mzee atasema mwenyewe."

Nililowesha brashi kwa maji ya vuguvugu, nikapaka shina la sikio la kushoto, nikangoja gundi ilainike. Ukivuta kwa pupa unaondoka na nyama ya chini. Tone moja moja nikalinyanyua kwa kibanio, nikayapanga kwenye kifuniko cha kopo kwa mfuatano ule ule, ya kingo huku, ya ndani huku. Nikahamia la pili, nikafanya vivyo hivyo. Mengi yatarudi kazini. Yaliyochanika niliyahesabu: tisa. Nikachagua tepe tisa kutoka kopo la kahawia ya nne, nikazilaza pembeni bila kuzisokota.

Mshonaji alifunika cherehani, akaja kusimama nyuma yangu na mkoba begani.

"Haya," akasema, "sasa hana sikio hata moja. Hata ukimwita hasikii."

"Atasikia kesho," nikasema.

Nikafunga gundi, nikamfunika Dakika kwa kitambaa. Kile kiti nilikiacha pale pale, kimetazama mlango, kushoto kwake nafasi ya kutosha ubao.