Bibi wa Mpira

Nilifeli mtihani wa kumgeuza mgonjwa. Mimi, niliyegeuza wagonjwa miaka ishirini na sita na kuwafundisha mabinti wa watu jinsi ya kugeuza, nilifelishwa na bibi wa mpira asiye na nywele.

Nianze vizuri, nisije nikaonekana ninalalamika. Silalamiki. Chuo ni kizuri, chumba kina dirisha kubwa, na maji ya moto yanatoka bombani saa yoyote unayotaka. Mwenzangu wa chumbani ni binti mwenye adabu aliyetoka nchi nyingine tena. Hanielewi nikisema haraka, na mimi simwelewi hata akisema polepole, kwa hiyo hatujawahi kugombana. Nilikuja kusoma ughaibuni nikiwa na miaka hamsini na moja. Hospitali yetu ilipata nafasi moja ya shahada ya uuguzi, vijana wote wakaikodolea macho, matroni akaandika jina langu. Alisema anataka mtu atakayerudi.

Nyumbani walinisindikiza kama bibi harusi. Kitinda mimba wangu, binti wa miaka kumi na sita, alinishika bega pale uwanja wa ndege akaniambia, "Mama, uangalie marafiki utakaowapata huko." Watu wakacheka mpaka walinzi wakageuka. Tangu siku hiyo yeye ndiye mzazi. Kila Jumapili ananipigia simu ya video kuniuliza kama nimekula, kama nimevaa sweta, kama nimemaliza kazi za darasani. Nikisema sweta nimevaa, anataka kuiona.

Sasa huyo bibi wa mpira. Katika chumba cha mazoezi kuna vitanda sita, na juu ya kila kitanda amelala mdoli mwenye ukubwa na uzito wa mtu mzima. Wa kitanda cha tatu ni bibi kizee. Wamemchora mikunjo usoni, jicho lake moja halifungiki, na wigi lake lilipotea kabla sijafika. Mtihani wenyewe ni kumgeuza ubavu, kumkagua mgongo kama ana vidonda vya kulala sana, kubadilisha shuka bila kumtoa kitandani, na kumrudisha alivyokuwa. Unapewa dakika ishirini.

Mimi nilitumia tisa. Nilinawa, nikafunga breki za kitanda, nikakipandisha kikafika kiunoni. Nikamvusha mkono kifuani, nikamkunja goti, nikamvuta kwa bega na nyonga, akaja upande wangu mzimamzima, nikazunguka nikamkagua mgongo. Shuka chafu nikaliviringisha mpaka mgongoni pake, safi nikalitandika nyuma yake, nikamvusha upande wa pili, nikavuta. Halikuwa na kunjo hata moja. Nikarudi nyuma hatua moja kama fundi cherehani anayeiangalia suti aliyoimaliza, nikasubiri sifa zangu.

Mkufunzi wetu ni mama mrefu, mkavu, aliyening'iniza miwani shingoni kwa mnyororo. Aliiangalia karatasi yake, kisha akaniangalia mimi.

"Sijasikia kitu," akasema.

"Lakini umeona."

"Nimeona. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Lakini hujamsalimia, hujamwambia wewe ni nani, hujamweleza unataka kumfanya nini, hujamwomba ruhusa, hujamuuliza kama anaumia. Nusu ya alama zipo hapo, na hapo umepata sifuri."

"Mwalimu, huyu ni mpira."

"Leo ni mpira," akasema, akaandika.

Sheria ya chuo haina kona. Mtihani huo unarudiwa mara moja tu, baada ya wiki mbili, na ukifeli tena unafunga mizigo. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini hawakusema ng'ombe huyo atamwambia nini matroni. Ningerudi na uso gani?

Nijitetee kidogo. Wodi yangu ina vitanda arobaini, na zamu ya asubuhi ina wauguzi wawili. Mmoja akiugua, anabaki mmoja. Ukianza kumuuliza kila mgonjwa habari za wajukuu, wa kitanda cha mwisho utamfikia jioni. Kwa hiyo nilijifunza kufunga mdomo na kuachia mikono ifanye kazi. Nikaizoea tabia hiyo mpaka nikahamia nayo nyumbani. Mwanangu akiumwa simwambii pole, namfunika blanketi. Mume wangu akisafiri simwambii nitakukumbuka, nampigia pasi mashati. Nilidhani wote wananielewa.

Nikaanza mazoezi. Wenzangu darasani, watoto wa miaka ishirini, wanapiga soga na midoli ile kana kwamba wamesoma nayo. Mimi nikisimama mbele ya bibi yule, taya linakaza. Nilijaribu chumbani na mto. Nikaulaza mto kitandani, nikaupa habari za asubuhi, na mwenzangu akatoa spika masikioni akanijibu kwamba ameamka salama. Siku nyingine nilikariri maneno yote ya kwenye karatasi nikayatoa kwa pumzi moja. Kijana mmoja alikuwa akinisikiliza. Akaniambia, bila ubaya, kwamba naongea kama tangazo la kituo cha treni. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na hofu ikaanza kunila kweli.

Jumapili simu ikalia.

"Mama, matokeo yametoka?" kitinda mimba akauliza.

"Hali ya hewa huku imebadilika sana," nikasema.

"Mama. Nitazame machoni."

Nikamweleza. Aliruka kwenye kiti. "Wamekuonea! Miaka yote hiyo ya kazi, eti hujasalimia mdoli!"

"Hawajamwonea," sauti ikasema nyuma yake. "Hebu lete hiyo simu."

Hiyo ni sauti ya mama mkwe wangu. Ana miaka themanini na mbili, na tumeishi nyumba moja miaka kumi na tisa. Mwanawe ni dereva wa malori, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo ndoa hii, ukiitazama vizuri, ni yangu mimi na mama yake. Ananiita Sista, kama majirani wote wanavyoniita kwa ajili ya kazi yangu. Miaka mitatu iliyopita alianguka bafuni akavunjika nyonga, nikamuuguza nyumbani. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili, na zamu zikinibana nilimwachia kitinda mimba maelekezo. Hakupata kidonda hata kimoja. Daktari alisema atasimama mwezi wa tano, yeye akasimama wa tatu. Ukiniuliza kazi gani ninayojivunia maishani, sitakutajia wodi. Nitakutajia mgongo wa mama mkwe.

Kwenye skrini likatokea paji la uso peke yake. Ndivyo anavyoshika simu, hajawahi kukubali kwamba inamwona.

"Wamekufelisha kwa haki, Sista," paji likasema. "Mimi nimelala mikononi mwako miezi mitatu. Mikono mitamu, sitasema uongo. Lakini nilikuwa nasikia mlango, mara najikuta niko ubavu. Hujasema mama naja, hujasema mama nakugeuza. Unamaliza, unatoka. Nikasema moyoni, basi, nimemchosha mke wa mwanangu. Ana kinyongo. Na kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa hiyo nikawa nalala pale nausubiri mshindo."

"Mama, sikuwa na kinyongo."

"Sasa najua ndivyo ulivyo. Wakati ule sikujua. Unadhani kwa nini nilijikaza kusimama mapema vile? Nilitaka nikupunguzie mzigo."

Niliumia, wala sitaficha. Miaka mitatu nimewaambia watu kwamba alisimama kwa sababu ya uuguzi wangu. Kumbe alisimama kwa kunikimbia. Nilitaka kumwambia kitu hapohapo, na maneno yalikuwepo, lakini lile taya langu likakaza kama mbele ya bibi wa mpira. Nikasema, "Haya mama, tutaongea," nikakata simu. Kisha nikakaa kitandani nikalia, na mwenzangu wa chumbani akanishika mkono bila kuuliza chochote, maana asingejua aulize vipi.

Siku ya kurudia ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mkufunzi aliketi pembeni, miwani puani, kalamu mkononi. Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa wazi. Nilifika mlangoni nikamwona bibi yule amelala chali, jicho lake lisilofungika linatazama dari, na nikatambua mara moja anafanya nini. Anasikilizia mlango.

Nikabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo, mama," nikasema. Ilinitoka kwa lugha yangu, na mkufunzi akainua kichwa. Mengine nikayasema kwa lugha ya chuo. "Ni mimi, muuguzi wako. Umelala chali muda mrefu, mgongo utachoka. Nataka nikugeuze, nikuangalie ngozi, nikubadilishie shuka. Unaniruhusu?" Nikangoja, kama vile kuna mtu anayefikiria. "Asante. Sasa naweka mkono mmoja begani na mwingine nyongani. Nimetoka kunawa, utasikia baridi kidogo. Ukiumia niambie, hata ukinizaba kofi nitaelewa. Haya, tunakuja upande wangu, taratibu. Nimekushika."

Sikuwa nakariri tena. Kila nilichotaka kufanya nilikisema kwanza, na ajabu ni kwamba mikono haikupoteza ustadi wake, ila sasa ilikuwa na mwenzake. Nilimwambia mgongo wake ni safi. Nilimwambia shuka jipya limetoka kukaushwa. Nilipomrudisha na kumfunika mpaka kifuani, saa ilionyesha dakika kumi na tano, na kila kilichokuwa kwenye karatasi ya mkufunzi nilikuwa nimekisema.

Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo ukishafunguka baada ya miaka hamsini na moja, si rahisi kuufunga. Nikainama, nikasema kwa lugha yangu:

"Hukunichosha, mama. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Nilinyamaza kwa mazoea tu, si kwa kinyongo. Nisamehe kwa kukulaza na hofu."

Nikapangusa macho kwa mkono wa koti. Mkufunzi alivua miwani ikaning'inia.

"Hayo ya mwisho hayapo kwenye karatasi yangu," akasema. "Umemwambia nini?"

Nikamtafsiria. Ng'ombe na nundu vilinisumbua kidogo, ikabidi nionyeshe kwa mkono mgongoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Hayo si ya huyu," akasema.

"Hapana. Ni ya mtu mwingine."

"Basi mpelekee mwenyewe." Akaandika kitu, akanigeuzia karatasi nikaona alama zangu. Nilikuwa nimefaulu, na kwa mbali.

Sikungoja Jumapili. Nilipiga simu palepale kwenye ngazi za nje, na kitinda mimba akapokea kwa kelele. "Leo Alhamisi! Umefeli? Mama, usilie, rudi tu nyumbani!"

"Nimefaulu. Mpe bibi yako simu."

Paji la uso likatokea. Nikavuta pumzi, nikafuata utaratibu uleule niliofundishwa.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Nataka kukuambia jambo linalokuhusu. Unaniruhusu?"

"Marahaba. Kwani nimekuwa mgonjwa tena?"

"Hapana. Nina deni la maneno."

Nikamwambia yote niliyomwambia bibi wa mpira, na mengine zaidi: kwamba nilikuwa nikitoka chumbani kwake haraka kwa sababu niliogopa kumwona akiumia, na kwamba mgongo wake ndio fahari yangu. Kisha simu ikashuka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani nikayaona macho yake, yamejaa maji.

"Na huyo bibi wa mpira," akasema, "ulipomwambia hivyo, alijibuje?"

"Hakujibu, mama. Ni mpira."

"Hana adabu." Akajifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Basi nitamjibia mimi. Nimesikia, mwanangu. Umekula?"

Miaka kumi na tisa ameniita Sista. Nikamwambia bado, nilikuwa nangoja kumaliza kazi, na sasa naenda kula.