Wa Pili ni Wako

Jumatano asubuhi Shadya alikuwa amepiga magoti zizini, Wingwi, mikono imepakwa mafuta ya nazi hadi viwikoni, akimzalisha ng'ombe wake. Alimwita wake kwa mapenzi tu. Marashi alikuwa wa Bi Buthaina wa Chake Chake, na Shadya alimfuga kwa kugawana: ndama wa kwanza kwa mwenye ng'ombe, wa pili kwa mfugaji. Wa kwanza alikwishachukuliwa. Huyu alikuwa wa pili, mnyama wa kwanza Shadya kumiliki maishani, na tangu alfajiri alikuwa akicheka peke yake.

Ikatoka miguu ya mbele, kikafuata kichwa, kisha tandiko la ngozi. Alikuwa farasi mwekundu, hatamu iko mdomoni.

"Mbona kwato hazikupasuka?" aliuliza jirani yake, Mzee Zubeir, akichungulia juu ya ua.

"Farasi."

"Dume?"

"Dume."

"Basi hongera. Mpanguse huyo, asipate baridi."

Marashi akamlamba mwanawe, tandiko na vyote. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, farasi alikuwa mrefu kuliko mlango. Wingwi nzima ilijaa uani. Watoto walimlisha maganda ya ndizi, na wazee wakamtambua kwa baka jeupe la paji la uso: ni yule wa babu yake Bi Buthaina. Zamani ukoo ule ulifuga farasi na ng'ombe kutoka barabarani hadi kwenye mikoko. Baada ya mapinduzi ardhi ilikatwa ekari tatu tatu, farasi wakapotea, na ng'ombe wachache waliosalia wakagawiwa wafugaji. Picha ilibaki Chake Chake, ukutani kwa Bi Buthaina: wanaume wa ukoo juu ya farasi. Waliowakatia nyasi hawamo.

Alasiri hao wakata nyasi wakaanza kufika, kila mmoja na mzigo kichwani. Walikuwa wamekufa, wengine zamani sana, kwa hiyo hawakuomba maji. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa bibi yake Shadya, Bi Ruweida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye wa pili wako?"

"Ndiye."

"Umekabidhiwa?"

"Bado. Lakini tumeshapatana."

Wafu wakatazamana.

"Ng'ombe wangu alizaa pacha," alisema Bi Ruweida. "Nikaambiwa pacha ni uzao mmoja, na wa kwanza ni wao."

"Wangu alizaliwa siku ya Idi," alisema mzee mwenye mundu. "Nikaambiwa huyo ni wa kuchinja."

"Na nyama ukala," akadakia mwingine.

"Nikala mkia."

Wakacheka hadi mizigo ikatikisika. Shadya naye alicheka, maana Bi Buthaina alikuwa mtu wa sala, na siku zimebadilika. Akampigia simu kumpa habari njema.

"Mashallah," alisema Bi Buthaina. "Ila mwanangu, tulipatana ndama. Huyo si ndama, huyo ni farasi wa babu. Mlete."

"Lakini amezaliwa na Marashi, Bi."

"Hilo silikatai. Basi Marashi kesha kuzaa mara mbili. Anayekuja ni wa tatu, na kwa wa tatu tunaanza hesabu upya. Ni wangu."

Shadya alikuwa na maneno, lakini maneno yake hayakuwahi kutoka mbele ya wakubwa.

"Haya, Bi," akasema.

Hakuwahi kupanda hata punda. Jumamosi alifunga kanga kiunoni, akakaa juu ya tandiko, na farasi akaondoka kama aliyeitwa. Upepo ukamjaa kinywani. Migomba ikapita, maduka yakapita, gari la abiria la shamba likaachwa nyuma na dereva akapiga honi kwa furaha. Uwanjani Gombani wachezaji waliuacha mpira wakakimbia naye kandokando ya barabara wakiita, "Shadya! Shadya!" ingawa hakuna aliyewaambia jina lake. Nyuma walikuja wafu na mizigo yao, Bi Ruweida kapandisha buibui hadi magotini, akipiga vigelegele. Shadya alipiga kelele kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

Mlangoni kwa Bi Buthaina alishuka. Bi Buthaina alimpapasa farasi shingo, akamwita kwa jina lake la zamani, machozi yakamlengalenga. Mwanawe Maher akaishika hatamu, akapanda, akataka apigwe picha.

"Mmekuja mbio," alisema Bi Buthaina. "Ana njaa. Nyasi ziko wapi?"

Wafu wakatua mizigo. Farasi akala, Bi Buthaina akitazama kwa makini.

"Hizi hazimfikishi kesho."

Moyo wa Shadya ulikuwa bado unakwenda mbio. Alifungua kanga kiunoni, akaizungusha ikawa ngata ya kubebea mzigo, akaiweka kichwani. Bi Ruweida alisogea kidogo, akampa nafasi kwenye mstari.