Asili ya Wagoro

Zabroni angeweza kuapa mbele ya padri kwamba Wagoro hawakutokana na laana. Wagoro ni wale wafupi wa rangi ya majivu, meno nje, ambao katika mchezo wa simu uitwao Enzi ya Minara hutokea kusini kila msimu na kuwavamia Wang'avu, watu warefu wanaokaa kwenye minara yao kando ya ziwa. Mchezo wenyewe hausemi Wagoro walitoka wapi. Basi vijana wa Rumonge, Uvira na Kigoma wakajiunga kwenye kundi moja la WhatsApp, wakawa wanabishania jambo hilo kutwa nzima, kwa bidii ambayo wazazi wao wangefurahi kuiona shambani.

Zabroni alikuwa fundi simu. Meza yake ilikaa kwenye baraza la duka la kina Fahadi, karibu na soko la Rumonge, na Fahadi mwenyewe, kijana wa ukoo wa Waarabu waliokaa mji huo tangu enzi za mababu, alikuwa ndani akiuza sukari na sabuni. Walibishana kupitia mlangoni, juu ya vichwa vya wateja. Fahadi alishikilia kwamba Wagoro ni Wang'avu waliokula samaki wa mwiko, wakaharibika sura.

"Hiyo ni hadithi ya kubembelezea watoto," Zabroni alimwambia. "Lete ushahidi."

Yeye alikuwa nao. Chini ya mnara mkubwa kuna hatua ya mchezo ambapo unaingia makaburini, na majeneza yote ya huko ni mafupi. Mtu mrefu anazikwaje kwenye jeneza fupi? Halafu ile miti ya bustani za Wang'avu: matunda yananing'inia chini mno, Mng'avu akitaka kuchuma lazima apige magoti. Nani aliipanda kama si watu wafupi? Kwa hiyo Wagoro ndio waliokuwa wa kwanza kando ya ziwa. Walifukuzwa. Kila msimu hawaji kuvamia, wanarudi kwao.

"Wallahi, hiyo imekaa," Fahadi alisema, akasahau kumrudishia mteja chenji.

Zabroni aliisimulia nadharia yake kwa rekodi mbili za sauti, kwa sababu moja haikutosha. Katika ya kwanza alieleza mambo ya majeneza na miti. Katika ya pili damu ilikuwa imempanda, hakutaja tena mchezo wala Wagoro. Alisema kama alivyozoea kuwasikia wazee wakisema kwenye kesi za mashamba, tangu familia yake iliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, yeye akiwa mtoto: "Waulizeni miti ilipandwa na nani. Waulizeni waliolala chini ni wazee wa nani. Wamejenga jiko juu ya kaburi la watu, wanawasha moto, wanapika, wanakula, halafu wanajiita wenyeji. Hao ni wezi. Na wenyewe tumeshafika."

Akabonyeza, ikaenda kwenye kundi. Akarudi kwenye simu ya mteja akipiga mluzi.

Laiti angechagua wiki nyingine! Wiki ile mama yake, Jovita, alikuwa akisubiri kupandiwa mpaka. Jovita alikimbia nchi mwaka wa sabini na mbili akiwa msichana mdogo, na aliporudi, mtu mzima mwenye mtoto, alimkuta mtu aitwaye Leonidasi kwenye shamba la baba yake Jovita. Leonidasi hakumnyang'anya mtu. Baba yake Leonidasi ndiye aliyepewa shamba hilo na wakubwa wa wakati ule, wenyewe walipokimbia, na Leonidasi akazaliwa humo. Wengine walipelekana mahakamani mpaka wakachukiana hata wajukuu. Leonidasi aliwaonyesha sehemu ya chini, upande wa ziwa, akasema jengeni. Wakawa wanavuna michikichi kwa zamu na kukamua mawese kwenye mashine moja, na Speciosa, mke wa Leonidasi, akawa anamwita Jovita dada. Kilichobaki ni bashingantahe, wazee wanaoamua mambo ya mtaa, kuja kupanda miyenzi, ile miti ya mipaka yenye utomvu mweupe, mbele ya mashahidi. Hapo nusu ya Jovita ingekuwa yake mbele ya watu wote. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Leonidasi akibadili neno, Jovita hana kitu.

Asubuhi moja Fahadi alitoka dukani akiwa amekunja uso. "Zabu, ile audio ya pili imetoka kwenye kundi."

"Imetoka kwenda wapi?"

"Shangazi yangu iko Nyanza-Lac, ameisikia kule. Hiyo ya pili tu, peke yake. Banasema ni mukimbizi wa Rumonge anatangaza vita ya mashamba."

Zabroni alicheka. Kicheko hakikufika mbali. Alijisikiliza kichwani, neno kwa neno, kwa masikio ya mtu asiyewahi kumwona Mgoro. Alifunga meza bila kumaliza kazi ya mtu.

Nyumbani alimkuta mama yake amekaa kwenye mkeka, mikono juu ya mapaja. "Leonidasi ametuma mutu," alisema. "Mpaka hapandi. Ameita bashingantahe bakusikilize." Kisha akamtazama. "Jiko, Zabroni. Ulisema jiko."

Hapo ndipo penye donda. Baba yake Jovita alifariki kwa ugonjwa kabla ya watu kukimbia, akazikwa nyuma ya nyumba, na mahali hapo ndipo lilipo jiko la Leonidasi. Jovita alimwonyesha mwanawe mara moja, kwa macho tu, akamkataza kulisema popote. Wakilitaja kaburi, alisema, wataonekana wanaidai nyumba yenyewe, na Leonidasi hatawaachia hata nusu. Zabroni alinyamaza miaka yote. Lakini neno lilimkaa kooni, na siku alipolitia kwenye vinywa vya viumbe vyenye meno nje, aliona hajalisema.

Baraza lilikaa uani kwa Leonidasi, kwenye viti vya plastiki. Mkubwa wa bashingantahe, mzee Pontiani, hakuwa mtu wa kuambiwa. Alitaka kuona.

"Kama iko mambo ya jeu, tuonyeshe jeu," alisema, akiuita mchezo kwa Kifaransa.

Fahadi alikuwa amekuja na simu yake yenye kioo kikubwa. Walisikiliza rekodi zote mbili, ya kwanza na ya pili, kisha Zabroni akaufungua mchezo, na wazee wakainama juu ya simu wakigongana kofia.

"Uyu wa meno iko nani?" Pontiani aliuliza.

"Ni Mgoro, mzee."

"Mubaya kabisa! Na ndiye mwenye shamba?"

"Ndiye, mzee. Kwa nadharia yangu."

Watu walicheka. Speciosa, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko, alifunika mdomo kwa kitenge. Zabroni alionyesha miti, akaonyesha majeneza, na kila alipoonyesha, wazee waliitikia kwa vichwa. Alianza kuamini kwamba yatakwisha hivyo, kwa utani.

Leonidasi ndiye ambaye hakucheka. "Miti nimeona," alisema. "Masanduku ya kuzika nimeona. Sasa nionyeshe jiko. Ulisema banapika juu ya kaburi. Iko wapi?"

Zabroni alipitisha kidole kwenye kioo, akapanda mnara, akashuka, akazunguka bustani. Alikuwa anapoteza muda na alijua. Wang'avu hawali. Mchezo mzima hauna jiko.

"Iko ku niveau ya mbele, ile hatua ingine, muzee," Fahadi alidakia, uso mkavu. "Hatujaifungua bado." Ulikuwa uongo mtupu, na Zabroni alimpenda kwa uongo huo kuliko kwa lolote alilowahi kumfanyia.

Leonidasi hakumtazama Fahadi. "Zabroni. Ni kweli?"

Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kupanda mchikichi kwa kamba, akisimama chini na kumwambia asiogope. "Ndiyo" ilikuwa imeshafika ulimini. Neno moja tu, na mpaka ungepandwa, na mama angelala kwake. Alifungua mdomo.

"Wacha mutoto," Jovita alisema, akasimama. "Jiko iko pale."

Hakunyoosha kidole. Watu wote waligeuka wakautazama moshi uliokuwa ukitoka chini ya bati.

"Chini iko baba yangu. Nilimuona anashushwa. Tangu nimerudi, Speciosa ananipa chakula ya moto ule, nakula, nanyamaza. Nilitaka nusu yangu tu, nipate pa kufia. Mutoto nilimukataza kusema, akaenda kuambia bale bashetani ya telefone."

Speciosa alitoka mlangoni polepole, mwiko bado mkononi, akakaa chini ukutani.

Leonidasi alimgeukia Jovita. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama Zabroni, miaka hii yote ulikuwa unaniogopa?"

"Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi nilifikiri tunapendana."

Jovita alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. Katika nadharia ya Zabroni Wang'avu walikuwa na minara tu. Hakuwahi kujiuliza kama kuna mmoja wao aliyezaliwa hapo, asiyejua kilicho chini ya moto wake, na ambaye angehuzunika akijua.

"Ungeniambia, ningeondoa jiko siku ileile," Leonidasi alisema. "Mimi pia nimezika baba." Akamgeukia Pontiani. "Mushingantahe, mupande mpaka. Nusu iko yake. Nilishasema, sirudi nyuma."

Miyenzi ilipandwa mchana uleule, kuanzia barabarani hadi karibu na maji, mbele ya mashahidi. Jovita alishukuru, "murakoze, murakoze," kwa kila mzee, akiinama. Alikuwa amepata alichokililia tangu utotoni. Zabroni alimtazama usoni atafute furaha, akaona uso wa mtu aliyerudi kutoka msibani.

Watu walipotawanyika, Leonidasi alianza kubomoa jiko, peke yake. Zabroni aliruka miche iliyokuwa imepandwa punde, akashika ncha ya bati lililokuwa linaning'inia.

"Wacha," Leonidasi alisema.

"Nikusaidie, baba."

"Audio yako imefika Nyanza-Lac. Kesho batasema mwizi ameogopa, amebomoa. Utarekodi ingine, ubaambie haikuwa vile?"

"Nitarekodi. Leo hii hii."

"Na batakusikia?"

Zabroni alilijua kundi lake na makundi mengine yote. Habari ya mtu mwema haimfiki hata jirani. Aliendelea kulishika bati.

Leonidasi alilitoa mikononi mwa Zabroni bila kulivuta, taratibu, akaliegemeza ukutani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza kijana zaidi.

"Rudi kwenu, mutoto wangu," alisema. "Sasa muko na kwenu."