Bega la Fundi Lipu

Bega langu la kulia limetulisha miaka thelathini, na mimi ndiye niliyeliua. Nalisema mapema kabla mke wangu hajanisemea.

Mimi ni fundi lipu, na sifa yangu ni dari. Ukuta kila mtu anapiga. Dari unasimama juu ya jukwaa, uso juu, mkono juu, kutwa nzima. Mwaka jana mkono ukaanza kugoma, haupiti sikio. Usiku silalii upande ule, na shati navalishwa kama mtoto wa chekechea.

Hospitali nikapewa daktari wa kike, umri wa kifungua mimba wangu. Akanishika bega, akalizungusha, akasema kuna uvimbe ndani na atanichoma sindano ya steroidi palepale. Alinieleza bila haraka. Sindano inashusha uvimbe na maumivu, wengine miezi kadhaa, ila haitengenezi kilichochakaa. Nisibebe kizito kwa wiki nzima, kisha nifanye mazoezi. Na nisichomwe tena kabla ya miezi minne, kwa sababu dawa hiyo ikizidi inadhoofisha ukano, ile kamba inayoshika nyama kwenye mfupa. Akauliza pia kuhusu sukari, maana inaweza kupanda. Sina. Akaandika yote kwenye daftari langu.

Wallahi ile dawa ilifanya kazi. Siku ya nne nililala usingizi wa pono. Siku ya tano nilikuwa juu ya jukwaa. Wiki nzima ya nini, na bega limepona?

Mke wangu naye alichomwa goti mwezi uleule. Yeye anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, kazi ya kusimama tu. Aliambiwa apumzike, akapumzika kweli, na wa kupika nikawa mimi. Mazoezi yake anafanya mpaka leo, ameshika kiti, anahesabu kwa sauti ili nisikie. Goti halijamsumbua tena. Mke wangu akawa anamsifu daktari yule kwa kila jirani.

Maumivu ya bega langu yalirudi baada ya wiki sita. Nikaenda, daktari akafungua daftari, akasema bado, akaniuliza mazoezi. Nikamdanganya kwamba nafanya. Akanionyesha upya, akanirudisha nyumbani.

Hasira zikanipanda. Nilikuwa na ukumbi mzima wa kupiga dari, kazi niliyoipigania. Nikapita dukani nikanunua daftari jipya, nikaenda zahanati ya upande wa pili wa mji. Daftari jipya, mgonjwa mpya. Wakauliza kama nimewahi kuchomwa, nikasema sijawahi. Wakanichoma. Ilipoisha nguvu, nikanunua daftari jingine. Nilijiona mjanja kweli.

Ukumbi ulikuwa umebaki kona moja. Nikabonyeza mwiko darini, nikasikia tak ndani ya bega, na mkono ukashuka wenyewe. Wala haukuniuma sana. Nikauambia upande, haukupanda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nikavunjikiwa huko juu.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari yule, na daftari alibeba yeye, lile la kwanza. Picha ilionyesha ukano umekatika. Daktari akasema wapasuaji wanaweza kujaribu kuushona, na kwa kazi ndogondogo za chini mkono utafaa. Nikamuuliza kuhusu dari.

"Dari basi, baba," akasema.

Kisha akalisoma lile daftari mara mbili. Sindano moja tu, tena ya miezi mingi iliyopita. Akavua miwani. Akasema pengine siku ile sindano yake iliingia kwenye ukano wenyewe, pengine kosa ni lake, na ataandika hivyo kwa mkubwa wake. Mke wangu akamgeukia. Yule aliyekuwa akimsifu mtaa mzima, sasa akamwambia kwamba amemtia kilema mume wake, mtu aliyefanya mazoezi yote aliyoambiwa. Daktari hakujitetea. Aliinamisha kichwa tu, na mimi nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Zilikuwa tatu," nikasema. "Mbili nilichomwa kwingine. Huyu hana kosa."

Mke wangu alivuta kiti chake, akakaa mbali nami. Nilitamani anitukane.

Daktari akashika kalamu, akaniuliza hizo nyingine mbili nilichomwa tarehe gani. Sikukumbuka. Nilichokumbuka ni kwamba mara zote mbili, dawa ilipokolea, nilisimama katikati ya sebule nikanyoosha mkono mpaka juu kabisa nikamwonyesha mke wangu, eti matunda ya mazoezi ninayofanya kazini, naye akapiga makofi kwa furaha.