Mama Mkwe Anaumwa na Jino

...na vidole vile vya miguu ndivyo vitakavyomponza, si uso, uso kaufunga kanga mpaka chini ya macho kama mtu aliyevimba shavu, na mwili wote umemezwa na buibui, ila vidole vya Swaliki ni vya Swaliki, vimetokeza kwenye ndara kama viazi kwenye gunia lililochanika, na Hasifa angeweza kumwambia avirudishe ndani lakini hakumwambia, alichota chai kwa upawa akammiminia askari, huku moyoni akisema, tazama chini, afande, tazama chini tu, mimi sitakuwa nimefungua mdomo, macho kakupa Mungu bure... na askari hakutazama chini, alikuwa akikoroga sukari, sukari ya ng'ambo, maana upande huu wa Busia sukari imebaki jina tu kama ndugu aliyehamia Ulaya, alikoroga na kuinamia redio yake ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, akasema, "Mama Chai, geti bado. Mkubwa iko nakula. Yeye namaliza, nyinyi napita."

"Hatuna haraka, afande," Hasifa akajibu, na kweli hakuwa na haraka, mwenye haraka ni huyo aliyeketi kwenye benchi lake la siafu, ndiyo, siafu wanapita pale kila siku jua likipanda na Hasifa anajua, ndiyo maana kamkalisha pale, na buibui lenyewe kamchagulia makusudi, lile alilofungia samaki wakavu juzi, anuke, aonje walau kuvunda kidogo kabla ya kuvunda kwenyewe, maana leo ama atapita kwenda Kenya ama atarudishwa kwa wenzake waliokuwa wakimlisha, wale watu wa usalama, ambao sasa wamegeukana, na gari lao lisilo na namba limeshinda jana nje ya duka la Swaliki, na lipi kati ya hayo mawili litatokea liko katika kinywa cha Hasifa, kinywa hiki hiki ambacho mama yake alikuwa akikisema, mtoto huyu hawezi kufunika hata chungu, sembuse siri. Asubuhi jirani yao Bi Mastula alikuja na huyo mwanawe Swaliki nyuma yake, kijana kanyoa ndevu, na mama akapiga magoti uani kati ya masufuria, mtu mzima yule, akasema, "Hasifa mwanangu, wewe kila wiki unavuka, askari wanakujua, wanakunywa chai yako. Mvushe. Mmekula sahani moja nyie." Na Hasifa akamwinua, akasema inuka mama, unanitia dhambi, nitamvusha, alikubali kwa ulimi, moyo nao ukakubali kwa sababu zake, kwamba Swaliki, ewe Swaliki, miaka minne nakuvizia nisipate pa kukushika hata unywele, leo unaletwa kwangu umefungwa kanga kama zawadi ya arusi. Akawaambia, atakuwa shangazi yangu Fauziya wa Mukuju, jino linamuuma, nampeleka ng'ambo kung'oa, asiseme neno... jino lile lilimjia hapo hapo, hakujua limetoka wapi.

Askari akazungusha kitufe cha redio, matarumbeta ya Kampala yakakatika, ukaja ule mluzi, fiiiuuu, mluzi wa redio inayotafuta njia, na masikio ya Hasifa yakamtoka hapo kizuizini yakarudi Tororo, chini ya dirisha la duka la Mhindi wa vitambaa, Jumamosi jioni, vumbi la saruji juu ya majani ya mwarobaini, watoto watatu wamechuchumaa ukutani, yeye Hasifa, kaka yake Hamuza, na Swaliki wa Bi Mastula, kimya, kimya jamani, Mhindi anatafuta stesheni, fiiiuuu, halafu kinanda kile cha mchezo wa kuchekesha, halafu sauti, "Mke wangu, fungua, ni mimi Bwana Matandu!" na Bi Koleo kutoka ndani, "Matandu yupi? Wa juzi au wa leo?" na Swaliki alikuwa tayari kacheka, kabla hata ya kichekesho chenyewe, kicheko chake kile kama punda anayevuta pumzi kwa nyuma, hihooo, hihooo, hakijui kujizuia, na dirisha likafunguliwa, na maji ya kuoshea mchele yakawamwagikia, na Hamuza akamzaba kofi, "Punda wewe, tutasikia wapi sasa?" Basi ikawa hivyo, Swaliki anacheka, wanafukuzwa, na Hamuza anawamalizia mchezo wenyewe njiani mpaka nyumbani, kwa sauti zote, ya mume, ya mke, ya mlango, na mara nyingine ule wa Hamuza ulikuwa mtamu kuliko wa redio, Mungu shahidi, hata baba yao Mzee Mahmudu, aliyekuwa haongei na mtu akirudi na lori lake la pamba, alikuwa akisimama nyuma ya pazia asikilize, akidhani hawaoni miguu yake.

Na ile televisheni, lo, walipoletewa televisheni pale ukumbini, mji mzima ukaenda kuziona nyuso, Hasifa akajipaka mafuta kama anayekwenda kutazamwa yeye, na kile kisanduku kikatoa kwanza mvua ya chumvi, halafu watu wembamba wa kijivu, halafu Bwana Matandu, mzee mfupi, sawa, walimtarajia hivyo, halafu Bi Koleo... Bi Koleo alikuwa mwanamume, ana koo kama kifundo cha mguu, kavaa gauni, ukumbi mzima ukapiga kelele, na Swaliki akalia, akalia machozi kabisa, "Nilitaka kumwoa!" na Hamuza akamshika bega akamwambia, nyamaza bwana, mtu akivaa gauni vizuri mwachie gauni lake... umekaaje hapo kwenye benchi, Swaliki, gauni lako umelivaa vizuri? Kama si vidole?

"Mama Chai, hii redio nakufa, betri naisha," askari akasema, akaipiga kibao mgongoni, na Hasifa akamwambia aianike hiyo betri juani, hata sisi tulikuwa tunaanika, akawa anasema hayo kwa mdomo wa mbele, kwa mdomo wa nyuma akiendelea kuuma, kwamba redio ya Mhindi ilibaki dukani Wahindi walipofukuzwa, ilibaki pale kwenye rafu, na mwaka uliofuata ni nani alikuwa ameketi chini ya rafu ile, miwani myeusi, viatu vya soli nene, duka kapewa na wakubwa? Swaliki. Na kati ya Mhindi kuondoka na Swaliki kukaa kulitokea nini? Hamuza alichukuliwa. Wewe unganisha mwenyewe, Hasifa alishaunganisha siku nyingi. Ilikuwa arusini kwa Nasirumbi, watu wameshiba pilau, wakamwambia Hamuza tufanyie, tufanyie Bwana Matandu, akafanya, halafu akainua kidevu, akavimbisha kifua, akaitoa ile sauti nyingine, ya Mkubwa mwenyewe wa nchi anayetangaza amri redioni, "Kuanzia leo, kuku wote wa nchi hii wanataga kwa saluti! Kuku hataki kutaga, huyo ni mhujumu uchumi!" na watu wakafa kwa kicheko huku wakitazama mlangoni, na anayecheka kuwashinda wote, akijigaragaza mkekani, hihooo, ni Swaliki. Haikuisha wiki. Walikuja watu wanne, wapole, wakamwambia Hamuza njoo mara moja utuchekeshe na sisi, na mama akasema, angalau ale kwanza, wakasema atakula huko... Huko wapi? Mama aliuliza kambi, akauliza gereza, akauliza mpaka wavuvi wanaoopoa maiti ziwani. Hakuna kaburi, hakuna matanga, mama kakataza mtu kumwita marehemu, na redio ya nyumbani kaifunika kitambaa akaisukuma chini ya kitanda, tangu siku hiyo nyumbani kwao hakuna anayemwiga mtu, hata paka. Na leo asubuhi, akifungwa hilo buibui, Swaliki alisema kwa sauti ndogo, "Dada Hasifa, mimi niliwasimulia tu. Pale kantini ya hao watu wa usalama. Nilitaka wanipende. Walicheka, dada, walicheka mpaka wakashika matumbo, nikawaambia, mimi si kitu, mngemsikia Hamuza mwenyewe. Sikujua mtu anaweza kucheka vile, halafu..." Hasifa alimkaza kanga shavuni mpaka akashindwa kumaliza. Hukujua. Duka pia hukujua? Lilikuangukia kama embe? Sema neno, Hasifa, ni neno moja tu, sema, afande, shangazi yangu huyu ana kifundo kooni kama Bi Koleo...

Askari sasa alikuwa amegeuka, kikombe mkononi, analitazama lile benchi kwa mara ya kwanza kwa macho ya kazi. "Huyu nani?"

"Shangazi yangu, afande, Fauziya wa Mukuju. Jino linamuua. Usimsemeshe, masikini."

"Iko mgonjwa?" Akasogea, akainama kidogo, maana hata yeye alizaliwa na mtu. "Mama! Jambo mama! Pole na jino!"

Na kutoka ndani ya kanga, kwa kuwa hakuambiwa ajibu nini, Swaliki akatoa kitu puani, kirefu, chembamba, chenye kutetemeka mwishoni, "Mmmeeeh."

"Amesema nini?" askari akamwuliza Hasifa.

Na hapo ndipo Hasifa alipojua jino lilikotoka. Lilitoka redioni. Lilikuwa jino la mbuzi. Bwana Matandu anasafiri kwa treni, ana mbuzi wa kuuza, wanyama hawaruhusiwi, kamvika mbuzi gauni la mkewe na ushungi, kamkalisha dirishani, na mkagua tiketi anapita, huyu nani, ni mama mkwe wangu, bwana, anaumwa na jino, usimsemeshe, masikini, na mkagua tiketi mwenye adabu zake anasema, shikamoo mama, na mbuzi anasema mmmeeeh, na mkagua tiketi anasema, "Amesema nini?" na Bwana Matandu, bila kupepesa, "Amesema marahaba, kwa lugha ya kwao." Ule! Ule mchezo wenyewe, uliomfanya Swaliki aanguke kwenye mtaro wa maji machafu, Hamuza akiufanya barabarani kwa mbuzi wa mtu, Swaliki akiomba, basi Hamuza, basi, naumwa mbavu, na siku yoyote ya maisha yao ilikuwa inatosha kusema maneno hayo mawili, mama mkwe, Swaliki hoi... na Hasifa akalitazama benchi, benchi lilikuwa linatikisika. Buibui lilikuwa linatikisika. Kakumbuka! Na yeye kakumbuka, punda yule, yuko mle ndani kauma kanga, mabega yanamruka, kicheko kimemjaa mpaka machoni, macho yanamtoka maji yakimwangalia Hasifa, yakimwomba, dada usiseme, dada usiseme mstari unaofuata. Na mstari unaofuata ulikuwa hapa, juu ya ulimi, tayari, si kwa sauti ya Hasifa, ni kwa sauti ya Hamuza, miaka minne hakuisikia na leo imekuja yenyewe imekaa kooni kwake imekunja nne, kwa lugha ya kwao, maneno manne, hata hayana kosa, mpwa kamtania shangazi, nani atamlaumu? Na punda atalia, hihooo, mbele ya bunduki, na kicheko kile kile kilichopeleka jina la Hamuza kantini kitampeleka na yeye, sawa kwa sawa, Mungu hapendi deni... sema, Hasifa... halafu? Halafu watamchukua. Halafu Bi Mastula ataanza kuzunguka kambini. Halafu itakuwa hivi, mtu akifa ni marehemu, na marehemu hasemwi, marehemu anaombewa, watu watakuja na mikeka, watasema Swaliki alikuwa mtu mcheshi, Mungu amrehemu, na Hasifa huyu huyu atakuwa jikoni anapika wali wa matanga yake, kwa jirani utakataaje, na ulimi utafungwa, asiweze tena hata kusema alivaa buibui la samaki, atakufa na heshima, mshenzi, atakufa na heshima kuliko alivyoishi. La! Hapana! Heshima hapati kwangu. Mtu hacheki maiti. Anayechekwa ni mzima, mzima anayekwenda sokoni, mzima anayeoa, anayeingia msikitini na watu wanafinyana, na ng'ambo pale sokoni kwenye omena, dagaa wa ziwani, yuko Syprose muuza samaki, Syprose ambaye ukimpa neno saa nne, saa sita liko Kisumu, limeongezwa chumvi... akaisikia tayari, akamwona Syprose amekaa juu ya gunia, eeh, dada yangu, alikaaje, hebu fanya alivyokaa, na yeye Hasifa anafanya, anainua mabega, anatoa vidole, anamfanya mbuzi, anamfanya askari, na sauti ni ya Hamuza, ya Hamuza mtupu, mpaka Bungoma watamwita Swaliki Mama Mkwe, watoto wake wataitwa wana wa Mama Mkwe, akigombea kiti baa mtu atamwambia, shikamoo mama, na hatakuwa na mtaro wa kuangukia...

"Mama Chai! Nauliza, amesema nini? Kwa nini yeye natetemeka?"

"Analia, afande," Hasifa akasema. "Jino. Limefika kwenye mfupa."

"Pole sana," askari akasema, akarudi kwenye redio yake, akaanza kuitoa betri ili aianike. Geti lilikuwa limelala palepale, Mkubwa alikuwa bado anakula, chai ilikuwa bado inafuka. Hasifa akauweka upawa, akamwendea shangazi yake, akamrekebishia ushungi kwa upole wote wa mpwa, akauinamia ule ukingo wa kanga uliolowa, na kwa sauti ambayo Swaliki hakuisikia tangu arusini kwa Nasirumbi akamnong'oneza, "Ficha kwato, mama mkwe," na benchi likaacha kutikisika, kabisa, na vidole vikaingia ndani ya buibui kimoja kimoja, kama vinavyoingia mahali ambapo havitatoka tena.