Cherehani Iliyouzwa Siku ya Soko

Ukitaka kumjua Nasiba wa Kamembe, mpe kitabu kipya halafu mwangalie pua. Kabla hajasoma hata neno moja atakifungua katikati, atakinusa wino, atakunja uso kama mtu aliyeletewa maziwa ya jana, ndipo arudi ukurasa wa kwanza. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa redioni, kwenye kile kituo kidogo kinachotazama stendi ya mabasi, akiwaeleza wasikilizaji vitabu gani vimetoka na kama vinafaa. Vilimfikia kutoka Bukavu, Kigali na Bujumbura, vingine mpaka kutoka Dar es Salaam, vya watoto na vya wakubwa, vyote kwenye kapu moja la mianzi.

Na ulimi wake, we acha tu. Kuhusu riwaya moja ya upelelezi alisema muuaji anajulikana kabla marehemu hajafa. Kuhusu kitabu cha mapishi alisema mwandishi sombe, kisamvu chetu, ameiona kwenye picha, maana angewahi kuitwanga angejua kwamba mkono unauma. Diwani moja ya mashairi aliisifu mpaka mafundi seremala wa karibu na msikiti wakaenda kuiazima. Watu walicheka, watu walimwamini, na hapo ndipo palipokuwa na uzito wa kazi yake. Mzee Twagirayezu, mwalimu mstaafu aliyesimamia kipindi hicho na pia ukumbi wa kusomea wa Kamembe, alifuata neno la Nasiba bila kuongeza lake. Alichokisifu kilipangwa rafuni na kupelekwa shule za Giheke. Alichokiponda kilirudishwa kwa mwenyewe.

Sasa, Nasiba alikuwa na Kiswahili cha aina mbili. Cha vitabu alikipata Kigoma, alikosomeshwa na shangazi yake, na alikitunza vizuri kama nguo ya Idi. Kingine kilikuwa cha nyumbani, cha soko na cha jikoni, ambacho alikiongea tangu anaota meno. Hakuona kama hivyo viwili vina haja ya kujuana.

Wiki moja kapu likaleta kitabu cha watoto, chembamba, chenye jalada la kijani, kilichochapwa Bukavu. Mwandishi alikuwa Mwavita Muhigirwa, yule mama wa vitenge anayevuka mpaka kutoka Bukavu kila asubuhi kuja soko la Kamembe. Nasiba alimfahamu kwa sura, akashangaa na kufurahi. Akakinusa, akaanza.

Hadithi ilikuwa ya mjane mmoja, Véronique, anayeshona nguo za watu kwa cherehani ya kuazima. Mwenye cherehani ni fundi mzee anayejiandaa kuhamia Uvira. Watoto wa Véronique wameizoea ile cherehani kiasi kwamba wanalala kwa mlio wake, na wanaogopa siku fundi atakapokuja kuichukua. Nasiba alisoma akisahau chai yake. Alitaka kujua itakuwaje, alitaka kwelikweli. Akafika ukurasa wa mwisho:

"Siku ya soko Mama akaiuza cherehani. Alisimama mlangoni akasema, 'Nimeiuza, watoto wangu.' Tukacheza ngoma mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini."

Akausoma tena. Akageuza karatasi, labda kuna ukurasa umebandikana. Hakuna. Mama ameuza mali ya watu, fundi wa watu hana habari, na watoto wanacheza ngoma. Hasira zikampanda, na zilimpanda zaidi kwa sababu alikuwa amekipenda kile kitabu mpaka pale.

Kwa kawaida vitabu vya watoto alimsomea mama yake kwanza, mama akiwa anachambua maharage. Mikono ya mama ikisimama, kitabu ni kizuri. Lakini wiki hiyo mama alikuwa Giheke kwa dada yake aliyejifungua, na Jumamosi haimsubiri mtu. Nasiba akaenda redioni akasema aliyokuwa nayo moyoni. "Kitabu kimeandikwa kwa mkono mzuri," alisema, "lakini kinamfundisha mtoto kwamba mama yake akiuza kitu cha wizi, yeye acheze ngoma. Mimi wangu singempa."

Jumapili mama akarudi. Jioni, maharage mapajani, akauliza kitabu cha wiki kilikuwa kipi. Nasiba akamsomea chote, makusudi, ili amwone mama atakavyokasirika mwishoni. Mikono ya mama ilisimama mapema sana. Ukurasa wa mwisho ulipoisha mama alikuwa anatabasamu, macho yamelowa.

"Masikini," mama akasema. "Batoto bapumue sasa."

"Wapumue nini, Mama? Ameiuza, na si yake."

"Sasa kama haikuwa yake, si njo maana akaiuza? Kitu yako utaiuza tena?"

Nasiba akamkodolea macho. Akafikiri mama amechoka na safari. Mama naye akafikiri binti amechoka na vitabu, akaona dawa ni chai. "Simama basi, uende kwa Habineza uniuzie sukari," akamwambia, na Nasiba akajifunga mtandio akatoka, kichwa kikizunguka na lile jambo.

Duka la Habineza lilikuwa kona ya pili. Akaingia, akasalimia vizuri kama alivyofunzwa, akasema, "Papa Habineza, nakuja kuuza sukari."

Habineza akachukua kijiko cha kupimia. "Ya chai ama ya uji wa batoto?"

Nasiba alibaki ameshika kaunta, mdomo wazi, akisikiliza neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe. Kuuza sukari. Nani alikuwa anauza? Ni yeye mwenye hela mkononi. Na hivyo ndivyo alivyosema tangu utoto, hivyo ndivyo Kamembe inavyosema, na Bukavu yote ng'ambo ya mto wa mpakani: ukienda kununua, unakwenda kuuza, mwenye kutoa mali yake kwa mwingine, huyo anauzisha. Véronique hakumwibia mtu. Véronique alikusanya, akamfuata fundi kabla hajahamia Uvira, akainunua ile cherehani, ikawa yake. Ndiyo maana ngoma.

Aibu ilimshika Nasiba kuanzia shingoni. Alikuwa amemwita mwanamke mwizi mbele ya wilaya nzima, kwa neno ambalo yeye mwenyewe hulitumia kila anapotumwa chumvi.

"Wewe ni mgonjwa?" Habineza akauliza.

"Bado," akajibu, akachukua sukari.

Kesho yake asubuhi alikuwa sokoni kabla wauza nyanya hawajapanga mafungu. Mwavita alikuwa ameshatandika vitenge vyake, lakini hakuwa anaita wateja. Alikuwa ameinama juu ya rundo la vitabu vya kijani, kalamu mkononi, akifungua kila kimoja ukurasa wa mwisho, akikata neno, akiandika jingine juu yake.

"Maman Mwavita," Nasiba akasema, "nimekuja kuomba msamaha. Nilisoma vibaya."

Mwavita aliinua macho. Hakuonyesha hasira, na hilo lilimuuma Nasiba zaidi. "Nilisikia redio," akasema. "Nikajua palepale ni lile neno. Muntu wa kunichapia kitabu kule Bukavu alisema Kiswahili yangu ni ya soko. Kila mahali niliandika batoto akaweka watoto, niliandika muntu akaweka mtu. Kuuza akaiacha, juu iko mu dikisyonere, mu kamusi yabo. Aliona iko sawa."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nije kusema nini? Wewe uko na redio, miye niko na bitenge. Na hapa ku soko bameanza kuniuliza: njo Maman Véronique alikuwa mwizi? Ni batu bale bale alibashonea nguo za arusi." Sauti ikakatika kidogo, akairudisha. "Véronique si jina la kutunga. Ni mama yangu mzazi. Ameshakufa, hawezi kuja kujitetea."

Nasiba akaketi kwenye ukingo wa meza, bila kukaribishwa. Akachukua kitabu kimoja kilichokwisha kurekebishwa, akasoma: "Nimeinunua, watoto wangu." Kilikuwa Kiswahili safi, cha Kigoma, kisicho na doa. Na hakikumgusa hata kidogo. Ndipo udadisi wake ukamshinda, hata katikati ya aibu. "Alisema hivyo kweli? Nimeinunua?"

"Wapi. Mama yangu hakujua hata hiyo neno. Alisimama mu mulango, jasho mu uso, akasema, 'Nimeiuza, batoto yangu.' Njo vile nilisikia. Nimekaa na hiyo sauti mu masikio mpaka nikazeeka, kitabu yote niliiandika juu ya hiyo sauti tu." Akakata neno lingine. "Lakini heri nipoteze sauti yake kuliko jina yake."

"Usikate kingine," Nasiba akasema. "Nipe mpaka Jumamosi." Akabeba rundo lote, vilivyokatwa na visivyokatwa, akavipeleka ukumbini.

Mzee Twagirayezu hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yanyooke. Nasiba alipomweleza ofisini, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Kosa limefahamika, akasema, ni vizuri. Lakini kitabu cha mtoto hakiwezi kubeba neno linaloelekea njia mbili. Watoto wa Giheke watalielewaje, na wengine Kiswahili wanakipata darasani tu? Mwandishi alibadilishe kwenye vitabu vyote, vibaki. La sivyo virudi Bukavu. Nasiba hakuweza kusema mzee amekosea kabisa, maana yeye mwenyewe, na usomi wake, si alidanganyika?

"Basi tuwaulize wao," akasema. "Tutausoma ukurasa huo hewani kama mama yake Mwavita alivyosema, bila kueleza kitu, tuulize amefanya nini. Wakishindwa, neno nitalikata mwenyewe."

"Watashindwa," Twagirayezu akasema, lakini akakubali. Naye alitaka kujua.

Jumamosi Mwavita aliketi kando ya Nasiba studioni, amevaa kitenge kipya, mikono imefungana mapajani. Nasiba hakunusa kitabu wala hakutania. Alisimulia hadithi kwa kifupi, Véronique, fundi na safari ya Uvira, kisha akamsogezea Mwavita kipaza sauti. Mwavita akasoma mwisho, si kama ulivyochapwa bali kama alivyousikia utotoni. Alipofika mlangoni pa mama yake sauti ilibadilika, ikawa ya mwanamke mwingine, mwenye kuhema. "Nimeiuza, batoto yangu."

"Wasikilizaji," Nasiba akasema, "huyu mama amefanya nini? Tupigieni."

Wa kwanza alikuwa baba mmoja wa Mururu. Akasema jambo liko wazi, mama ameipata mashini ya kushona, Mungu ambariki. Nasiba akapumua. Wa pili alijitambulisha kuwa amefundisha Tanzania, akaeleza taratibu, kwa ufasaha mkubwa, kwamba kuuza ni kutoa mali upate fedha, na kwamba yule mama ni mwizi kama ilivyosemwa wiki iliyopita, na redio isiyumbishwe. Mwavita akatazama sakafu. Nyuma ya kioo Twagirayezu alinyoosha mikono, kuonyesha: si nilikwambia? Wa tatu na wa nne wakaanza kubishana na wa pili, kila mmoja na ujuzi wake, mpaka ikawa hakuna anayezungumza juu ya Véronique tena, ni Kiswahili cha nani tu. Nasiba aliona kitu kinateleza kutoka mikononi mwake. Alianza kuitafuta kalamu.

Simu ikaita tena. Sauti ilikuwa ya mtoto wa kike, ya kunong'ona, ya mtu aliyechukua simu ya mzazi.

"Tantine, ni Uwera, wa Giheke. Miye niko na swali."

"Uliza, mama."

"Mwizi anaita majirani?"

Nasiba hakuelewa mara moja. "Unasemaje?"

"Kama ile mashini aliiba, bangefunga mulango. Bangenyamaza. Lakini banacheza mpaka majirani banakuja, na hakuna muntu anabafukuza." Akaongeza polepole, kama anayemwonea huruma mtu mzima. "Ile mashini ni yake."

Nasiba alikuwa amesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote mtaani kwao, na ile ngoma aliiona, aliiona vizuri kabisa, akaihesabu kuwa kosa la mwandishi. Hakujiuliza kwa nini wanafurahi. Akaacha kuitafuta kalamu, akasogelea kipaza sauti.

"Ni yake, Uwera," akasema. "Aliilipia. Maman Véronique hakuwa mwizi, na mimi niliyesema hivyo nilikuwa nimekosa. Asante."

Twagirayezu alikuwa ameshafungua mlango wa studio, jambo ambalo hajawahi kufanya kipindi kikiwa hewani. Akaegemea fremu akasema kwa sauti ya chini, "Vibaki. Vyote, na neno lake."

Mwavita aliitikia kwa kichwa tu. Baadaye, wimbo ulipokuwa unapigwa, alimgusa Nasiba mkono akauliza kama vile alivyokwisha kukata bado viko ukumbini. Nasiba akasema viko. Basi Mwavita akaomba arudishiwe, akae navyo siku nzima ikibidi, alirudishe lile neno, amwandike mama yake upya, kimoja kimoja, kwa mkono wake.