Waliokutwa Nyumbani

Matthias Umba alikuwa na ugonjwa mmoja ambao serikali ya Zaire haikuwahi kuambukizwa hata siku moja: alitaka kujua kama kazi iliyofanyika ilimsaidia mtu. Makarani wenzake pale Kamina waliandika kwamba visima kumi vimechimbwa, wakagonga muhuri, wakaenda nyumbani kula bukari, ugali wa huko. Yeye aliuliza kama maji yanatoka. Kwa swali hilo alijipatia maadui watatu na jina la utani, Bwana Maji-Yanatoka, nalo likamfuata mpaka kanisani kwa Wametodisti, alikoimba besi kwenye kwaya.

Mwaka 1993 wakubwa wakachoka naye, wakampeleka Lubumbashi kwenye mafunzo ya wiki sita, labda kwa kutaka tu kupumzika. Akarudi na sanduku la fomu na barua iliyosema kwamba Haut-Lomami nzima sasa ina Kitengo cha Tathmini. Kitengo chenyewe kilikuwa yeye, meza moja na kabati lisilofungika. Lakini shule zilikuwa kwenye mgomo na walimu wamekaa bure, basi akawakusanya wanane akawafundisha kubisha hodi, kuuliza bila kumwekea mtu jibu mdomoni, na kuandika walichosikia badala ya walichopenda kusikia. Aliwaambia wasiulize serikali ilileta nini, waulize kimebaki nini. Mwalimu Mira, mjane wa miaka arobaini aliyefundisha darasa la tano, ndiye aliyeshika somo kuliko wote. Matthias alimwamini kama anavyoamini saa yake.

Nisimcheke sana. Katika nchi ambayo hata daftari la ofisi lilikuwa likiuzwa sokoni kufungia karanga, mtu huyu alikaa mezani kwake kila asubuhi na tai shingoni, akijenga kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Alikuwa na haki ya kujivuna kidogo.

Katikati ya mwaka 1996 ndipo ilipokuja kazi kubwa. Miaka miwili nyuma, watoto wa miji ya kando ya reli walichanjwa surua. Sasa Lubumbashi ilikuwa na dozi za awamu ya pili, ila hazikutosha miji yote. Ikaamuliwa kwamba Kitengo kikaangalie: mji ambao watoto waliochanjwa wamekutwa wazima utasubiri, na mji ambao chanjo haikushika utapewa dozi kwanza. Mara ya kwanza katika maisha yake, karatasi za Matthias zilikuwa zinakwenda kuamua jambo. Alimwambia mke wake Suzanne kwamba sasa hata akifa, atakuwa amefanya kazi.

Mji wa kwanza kwenye orodha ulikuwa Luena, na huko Luena Matthias alikuwa na damu yake. Binti yake Cathy ameolewa huko na Bokungu, mfanyakazi wa reli aliyeunganisha mabehewa, na walikuwa na mtoto wa kiume jina lake Kitwa.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa Kamina hawaelezani. Kitwa lilikuwa jina la baba yake Matthias. Kwa hiyo Matthias alimwita mjukuu wake Tata, yaani baba, akamsalimia kwa heshima, akamtania kwamba amerudi bila meno. Mtoto huyo alichanjwa Luena mwaka 1994, na timu ambayo treni yao ilikwama siku tatu juani, barafu yote ikayeyuka ndani ya masanduku ya chanjo. Februari iliyofuata surua ikamwua. Matthias na Suzanne walikwenda kumzika. Novemba ya mwaka uleule Cathy akajifungua mvulana mwingine, na Suzanne akampokea mikononi akasema, Tata amerudi. Akaitwa Kitwa.

Jina likirudi, mtoto amerudi. Hakuna wa kwanza, hakuna wa pili. Anayemwuliza mama yuko wapi yule mwingine, anamwonyesha mtoto mlango wa kutokea, afe tena. Mchungaji alihubiri dhidi ya desturi hiyo Jumapili mbili mfululizo, kisha akapata msiba wake mwenyewe, na mwanawe aliyefuata akampa jina la marehemu. Hakuigusa tena mimbarini.

Walimu wakapanda treni kwenda Luena na majina mia tatu kutoka daftari la chanjo. Fomu ilikuwa na jina la mtoto, jina la baba, na visanduku viwili: Amekutwa nyumbani, Hakukutwa. Safu ya umri haikuwepo. Matthias mwenyewe ndiye aliyeiondoa, maana karatasi zilikuwa haba na umri tayari uko kwenye daftari, na alitaka watoto wengi waenee kwenye ukurasa mmoja. Aliona amefanya akili.

Wakarudi baada ya siku kumi. Kati ya majina mia tatu, mia mbili themanini na nane yalikuwa yamekutwa nyumbani. Walimu walifurahi, wakasimulia safari kwa vicheko. Mira peke yake alibaki amesimama mbele ya meza mpaka wenzake walipotoka.

“Papa Matthias,” alisema, “bale batoto beko badogo sana. Mutoto wa miaka tatu, nakuta angali ku mugongo ya mama yake.”

Matthias alimjibu kwamba ni njaa. Mgodi wa makaa umekufa, watu wanaishi kwa kulima kashamba kadogo, Mira alitegemea watoto wanenepe kwa kipi? Mira akasema njaa anaijua, ameilea darasani, na hii haikuwa njaa. Basi Matthias, ambaye siku hiyo alikuwa mtu mkubwa, akamkumbusha kwamba mtathmini haandiki anachoshuku, anaandika alichokuta. Mira akainamisha kichwa akaondoka.

Alianza kupitia fomu moja moja na kutia saini chini ya kila mstari, kama alivyofundishwa. Kwenye mstari wa mia moja arobaini na moja akasoma: Kitwa, mtoto wa Bokungu. Amekutwa nyumbani.

Kalamu ilisimama. Aliyechanjwa alikuwa kaburini, yeye mwenyewe alishika kamba ya kushushia jeneza lile dogo. Aliyekutwa nyumbani hakuwa amezaliwa wakati wa chanjo. Alilijua hilo vizuri kama anavyojua jina lake. Lakini kuandika Hakukutwa kulikuwa ni kuandika kwa mkono wake kwamba Tata ameondoka, na mtoto yuko hai, ananyonya, ana meno manne. Angemwangaliaje Suzanne? Tena ni mstari mmoja, alijiambia. Mmoja kwenye mia tatu haubadilishi kitu. Akatia saini.

Naye alikuwa Mluba wa Kamina, amezaliwa ndani ya desturi hiyo, ameila na kuinywa. Haikumpitia kichwani kwamba akina mama wengine wa Luena nao wana watoto waliorudi. Desturi aliiweka nyumbani na fomu akaiweka ofisini, akafunga mlango katikati. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye, zaidi ya saini yenyewe.

Ripoti ikaenda: tisini na sita kwa mia. Lubumbashi ikajibu kwa barua ya pongezi, ikasema Kitengo cha Kamina ni mfano kwa wengine, na Luena ikafutwa kwenye awamu ya pili. Matthias alisoma barua hiyo mbele ya walimu wote. Mira alipiga makofi kama wengine, polepole.

Vita vilifika mwanzoni mwa 1997. Askari waliokuwa wakikimbia walichukua mabehewa, walichukua mbuzi, walichukua hata milango. Luena ilijaa watu waliokimbia makwao, wamelala kwenye mabehewa yaliyoachwa kando ya stesheni, na surua ikaingia. Mfanyakazi mmoja wa reli aliyefika Kamina kwa miguu alimletea Matthias salamu za mkwewe Bokungu: mtoto ana homa, macho mekundu, na hakuna dawa. Hapakuwa na treni ya raia. Matthias alichukua baiskeli, akafunga sabuni na chumvi kwenye keria, akaondoka. Suzanne alikimbia naye mpaka mwisho wa barabara akimwambia amshike Tata, asimwache aende.

Siku nne. Bukama alivuka daraja akiisukuma baiskeli katikati ya watu waliobeba magodoro, hakuna aliyemsalimu mwenzake. Njia nzima aliomba, mzee wa miaka hamsini na nane, akimwahidi Mungu vitu ambavyo hata hakuwa navyo. Alipofika Luena alikuta watu wamekaa nje ya nyumba ya Bokungu, chini, kimya. Walikuwa wamemzika Kitwa jana yake.

Alilia kwa sauti, bila haya, mpaka Bokungu akaja kumshika mabega. Asubuhi walimpeleka kaburini. Njiani alipita makaburi mafupi, mapya na ya zamani, mengi kuliko mji ule ulivyostahili, na misalaba ya vibao imeandikwa kwa makaa. Akaanza kusoma majina. Mengi aliyajua. Aliyatilia saini.

Hakurudi Kamina. Matanga yalipokwisha alikwenda kwenye zahanati, akamkuta muuguzi Likoke akilinda rafu tupu, akaazima kwake daftari la chanjo la 1994. Kisha akaanza nyumba ya kwanza. Aliuliza: yule aliyechomwa sindano mwaka ule, yeye mwenyewe, yuko wapi? Wanawake walimfungia milango. Mmoja alimmwagia maji miguuni. Siku ya tatu akajifunza jambo ambalo Lubumbashi hawakumfundisha, akaanza kwa kusema lake: nimezika Kitwa wangu mara mbili, na mara ya kwanza niliificha kwenye karatasi. Hapo ndipo walipoanza kumletea kigoda akae.

Ilimchukua zaidi ya miezi miwili. Kati ya watoto mia mbili themanini na nane waliokutwa nyumbani, themanini na tatu walikuwa wadogo wa marehemu waliochanjwa, wenye majina yao. Chanjo ya Luena haikushika. Dozi za awamu ya pili zilipita Luena zikaenda kwingine, kwa sababu ya kazi yake nzuri, na katika wale wadogo themanini na tatu, arobaini na mmoja walikuwa wamekufa tangu Januari.

Wakati anamaliza ilikuwa Juni. Zaire ilikuwa imekwisha, nchi ilikuwa na jina jingine na bendera nyingine. Likoke alimwambia kwamba huko Kamina ofisi zinakaliwa na watu wengine, na wakubwa wa Lubumbashi walioandika barua ya pongezi wamekimbilia ng’ambo ya mpaka. Matthias alikuwa na jibu sahihi kuliko yote aliyowahi kukusanya, na hapakuwa na serikali ya kulipokea.

Ilibaki nyumba moja. Alikuwa ameiruka kila siku, nyumba anamolala. Ule ulikuwa woga mtupu, wala tusiutafutie jina zuri.

Cathy alikuwa amekaa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Matthias aliketi mbele yake na daftari magotini, kama mgeni. Alimweleza yote, tangu safu ya umri aliyoiondoa mpaka Lubumbashi kuifuta Luena. Mwisho akasema, “Ile karatasi ilinifikia, mama. Niliona jina. Nilijua. Nikatia saini.”

Cathy aliendelea kuchambua majani mpaka sinia likajaa. Kisha akasema kwamba siku Mwalimu Mira alipobisha hodi na kuuliza kama Kitwa yupo, moyo wake ulitaka kusema hapana. Maneno yalifika mdomoni. Ila mtoto alikuwa kifuani, ananyonya, macho wazi, anamwangalia.

“Minyi nilikuwa na mutoto ku kifua,” alisema. “Weye, Tata, ulikuwa na nini?”

Machozi yalimtiririka Matthias mpaka kwenye kola. Binti yake hakumbembeleza. Akamwuliza anasubiri nini, aandike.

“Niandike nini?”

“Andika babili.”

Aliandika mstari wa kwanza, Kitwa. Cathy akamwambia yule alikuwa mweusi, ana kovu la uji wa moto mkononi, alichelewa kutembea, aliogopa kuku. Haikuwahi kutokea katika nyumba ile mtu kumtaja yeye peke yake tangu mdogo wake azaliwe. Matthias aliandika mstari wa pili, Kitwa. Cathy akasema huyu alikuwa maji ya kunde, mcheshi, hakuogopa kitu, na alikuwa ameanza kuita kila mwanamume papa. Alisema walipomzika huyu ndipo alipogundua kwamba yule mwingine hajamlilia bado. Waliambiana amerudi, wakafuta machozi, wakamwacha kule peke yake miaka miwili.

Bokungu alikuwa amerudi kutoka kazini, amesimama uani na kofia mkononi, anasikiliza.

“Soma,” Cathy akamwambia baba yake.

Matthias Umba akasoma mistari yote miwili, kwa sauti, pamoja na kovu na kuku na papa. Alipofika jina la pili alirudi kwenye la kwanza, na wakamsubiri mpaka alipolisema na hilo.